Marehemu Alan Turing, Mfumbua Siri

Siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa Nyansiongo nawaona wenzangu wakiandika nywila za kompyuta nyuma ya daftari, nami namkumbuka Alan Turing.

Marehemu alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912, akasomea hisabati Cambridge. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, alienda Bletchley Park kupambana na Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe. Wenyewe waliiamini kabisa. Kumbe ilikuwa na kasoro! Herufi haikuweza kufichwa kwa herufi iyo hiyo. A haikutoka A kamwe. Tena Wajerumani walizoea kurudia maneno yale yale, kama katika taarifa za hali ya hewa. Turing alishika hapo hapo, akaendeleza kazi ya Wapolandi na kubuni mashine ya kusaka ufunguo wa siku.

Mambo hayo yalifika hata kwetu Kenya. Mwaka 1942 wafumbuzi wa Kiingereza waliketi katika shule ya Allidina Visram, Mombasa, wakafumbua ujumbe wa meli za Kijapani, baada ya mtumaji kurudia ujumbe kwa ufunguo ule ule.

Turing alifariki tarehe 7 Juni 1954. Kazi yake ya vita ilibaki siri hadi miaka ya 1970, kwa hivyo hakuonja sifa zake.

Wenzangu, kufuli kubwa lafaa nini kama ufunguo umetundikwa mlangoni? Hebu ng'oeni hizo kurasa!