Albert Cook: Daktari Aliyepangiwa Kituo Kisichokuwepo

Kila mwaka wenzetu wa udaktari wakikaribia kumaliza, stori inakuwa moja tu: utapangiwa wapi? Mmoja anaomba apate hospitali ya rufaa mjini, mwingine akisikia jina la wilaya ya mbali anaanza kutafuta mtu wa kumbadilishia. Wazee wakisikia manung'uniko wana jibu lao tayari: udaktari ni wito. Hapo mjadala unakufa. Hakuna anayesema huo wito unafanya kazi gani Jumatatu asubuhi, wakati dawa zimeisha na foleni imefika nje ya geti.

Kwa hiyo leo tumwangalie mtu ambaye alilichukua neno hilo kama lilivyo, akaishi nalo zaidi ya miaka hamsini: Albert Ruskin Cook wa Mengo, Uganda.

Alizaliwa London mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha akapata mafunzo ya udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Kijana wa namna hiyo angeweza kufungua kliniki yake Uingereza akaishi vizuri tu. Lakini alikuwa Mkristo aliyeamini kwamba Mungu anamtuma mahali fulani, akajitolea kwa Church Missionary Society. Mwaka 1896, akiwa na miaka 26, akapanda meli kuja Mombasa.

Kituo alichopangiwa hakikuwa na jengo, kitanda wala hadubini. Hata njia ya kufikia haikuwepo, maana reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa. Msafara wake ulitembea kwa miezi kadhaa kutoka pwani, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo kichwani. Tusiwasahau wapagazi hao, maana vitabu vingi huwasahau: bila vichwa na miguu yao hakuna dawa ambayo ingefika. Katika msafara huo alikuwemo pia nesi, Katharine Timpson, aliyefunzwa hospitali ya Guy's.

Walifika Februari 1897, na mwaka huohuo hospitali ikaanza kwenye kilima cha Namirembe, katika majengo ya matete na nyasi. Na mambo hayakumpa muda wa kuzoea. Mwaka huo Kabaka Mwanga alikimbia na kuingia vitani dhidi ya Waingereza, kisha askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la wakoloni wakaasi. Daktari asiyetimiza hata mwaka mmoja kituoni akajikuta Busoga anatibu majeruhi wa vita.

Ndugu yake Jack, naye daktari, alimfuata mwaka 1899. Mwaka 1900 Albert akamwoa Katharine. Mwaka 1902 radi ikapiga hospitali, ikaungua. Wakajenga tena, safari hii kwa matofali.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla. Mwaka 1901 ndugu hao wawili walianza kupokea wagonjwa waliosinzia mchana, wakadhoofika na kufa. Waliutambua ugonjwa: malale. Wakapiga kengele. Wataalamu wakatumwa kutoka Uingereza, na kufikia 1903 ikajulikana kwamba vimelea vinaletwa na mbung'o. Tiba ya kuaminika haikuwepo. Kati ya 1900 na 1920 walikufa zaidi ya watu 200,000 kuzunguka Ziwa Victoria. Hebu jiweke kwenye nafasi yake: umekuja ukiamini umetumwa kuponya, halafu unachoweza kufanya kwa mgonjwa aliye mbele yako ni kumwandika tu.

Na kweli, Cook aliandika. Mimi nadhani hapa ndipo alipo mkubwa kuliko wenzake wengi. Kuanzia 1897 Mengo walitunza maelezo ya wagonjwa wao: dalili, upasuaji uliofanyika, na mwisho wa mgonjwa. Miaka mingi baadaye watafiti wa Kampala walipotaka kujua kama saratani fulani ni ugonjwa mpya Uganda, walirudi kwenye makaratasi hayo. Wakakuta uvimbe wa taya kwa watoto, ule ambao leo tunauita saratani ya Burkitt, umekwisha kuelezwa humo. Yeye hakujua ameona nini, ila alikuwa amekiandika, na hilo likatosha.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana mtakatifu wa kwenye kalenda hatufundishi kitu. Cook aliamini kwamba kaswende ilikuwa imeenea Buganda kwa kiwango cha kutisha, na alieleza jambo hilo kwa lugha ya maadili: watu wameharibika kitabia. Serikali ya kikoloni ilisikiliza maoni ya namna hiyo. Zikafuata kampeni ambazo watu walilazimishwa kupimwa kupitia machifu wao. Wanahistoria waliopitia ushahidi huo baadaye wanaona hesabu zilitiwa chumvi, na kwamba wagonjwa wengi huenda walikuwa na buba au aina ya kaswende isiyoambukizwa kwa ngono. Imani ileile iliyomvusha safari ya miguu kutoka Mombasa ndiyo iliyomfanya aone dhambi mahali palipohitaji kipimo. Wito ulimpa moyo, lakini haukumkinga na kukosea, na waliolipia kosa hilo hawakuwa yeye.

Jambo moja lakini alilijua mapema kuliko serikali: daktari mmoja hatoshi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alianza kufundisha wasaidizi wa tiba Waafrika pale Mengo. Mwaka 1918 Katharine alianzisha shule ya wakunga, na wasichana waliohitimu wakatawanywa kwenye vituo vya vijijini. Mume na mke wakaandika kitabu cha ukunga kwa Kiluganda, ili mkunga asihangaike na Kiingereza wakati mama ana uchungu. Miaka ya 1920 Cook aliunga mkono kuanzishwa kwa mafunzo ya udaktari ambayo ndiyo yaliyokua yakawa shule ya tiba ya Makerere.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1932. Katharine alifariki 1938. Yeye hakurudi kwao. Alikufa Kampala mwaka 1951.

Kwa hiyo mzee akikuambia udaktari ni wito, usimkatalie, ila muulize swali la pili. Wito wa Cook haukuwa peke yake: nyuma yake kulikuwa na chama kilichomtuma, nesi aliyejua kazi, ndugu wa kushauriana naye usiku, wapagazi, na baadaye wakunga na wasaidizi aliowafundisha. Kumpeleka intern peke yake kwenye kituo kisicho na glavu halafu kumhubiria wito ni kumdanganya. Na wewe ukipangiwa huko mbali, beba daftari. Andika unachokiona, hata usichokielewa, na umfundishe mtu wa pale kabla hujaomba uhamisho.

Maktaba ya tiba ya Makerere, pale Mulago, ina jina lake. Wanafunzi wanajisomea humo hadi usiku kujiandaa na mitihani, na ukiwauliza Albert Cook alikuwa nani, wengi watakuambia ni jina la maktaba.