Likasi: Mwenda Jean Bosco, gitaa iliyobeba mambo ya nyumba za Katanga

Likasi, mji wenye komini za Panda, Shituru na Kikula katika jimbo la Haut-Katanga, unajulikana zaidi kwa shaba. Lakini ni hapo pia, wakati mji uliitwa Jadotville, ndipo dunia ilianza kumsikia Mwenda Jean Bosco.

Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, makao ya mfalme Msiri, na ndiyo sababu aliitwa pia Mwenda wa Bayeke. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alimkuta Jadotville akipiga gitaa barabarani. Wimbo wake Masanga ulitoka kwenye sahani za Gallotone na kupata tuzo ya Osborn.

Katika wimbo huo hakuwa na orkestra. Kidole gumba kilipiga besi, kidole cha shahada kikacheza sauti ya juu, na msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili.

Wakati ule, Union Minière iliwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Makabila yalichanganyika, Kiswahili kikawa lugha ya wote. Nyimbo za gitaa za Katanga zilikomaa katika maisha hayo: mapendo, ugomvi wa bwana na bibi, pombe, franga zisizotosha, mashauri kwa vijana. Mwenda aliimba kwa Kiswahili hicho cha nyumbani, pamoja na lugha zingine za Katanga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa kwa muda Nairobi, akasikika redioni na kuwavuta wapigaji gitaa wa Kenya. Mwaka wa 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Mwaka wa 1988 alirekodi tena Cape Town, Afrika Kusini. Mwezi wa tisa 1990, ajali ya gari ilimwondoa akiwa na miaka kama 60.

Leo wageni wanajifunza vidole vyake noti kwa noti. Lakini maneno ya nyimbo zake, mtu wa Panda anayaelewa bila mkalimani. Wazee waliocheza muziki huo wanapungua kila mwaka. Vijana wasipowauliza sasa maana ya maneno hayo, Katanga itabaki na sauti ya gitaa tu, na habari za nyumba zake zitapotea.