Krapf na Mlima wa Pembe Mbili

Insha yangu ya muhula wa kwanza ilirudi na wino mwekundu: mlima nilioutaja hauonekani. Kweli, nilikuwa nimeandika tu kwamba ni mzuri sana! Basi nikamkumbuka Krapf.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akafika Mombasa 1844. Mwaka huohuo akafiwa na mkewe na mtoto mchanga. Hakurudi kwao. Mwaka 1849 alikuja huku kwetu Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, ambaye ndiye aliyemwarifu habari za mlima ule. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, akauona. Hakuandika kuwa ni mzuri. Aliandika pembe mbili kama nguzo, zimefunikwa na kitu cheupe. Cooley wa London, asiyewahi kutia mguu huku, akabisha. Theluji ikweta? Wapi!

Mwaka 1851 Krapf alirudi. Karibu na mto Tana wanyang'anyi wakamwua Kivoi, naye Krapf akatoroka peke yake. Pale mtoni alijaza maji ndani ya mitutu ya bunduki na mfuko wa ngozi wa darubini yake. Jamani, nikifika hapo koo hunikauka.

Alifariki 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa 1882.

Insha nimeiandika upya. Mlima nimeutoa. Nimeweka kisima chetu cha mchangani kule Makueni, alfajiri, kata ya nyanya ikikwaruza changarawe.