Christy Ring: Jamaa Aliyebebwa Mabegani na Timu Iliyomchapa Fainali

Umewahi ona timu ikishinda fainali, halafu wachezaji wake wanambeba mabegani staa wa timu waliyoichapa? Hiyo si hadithi ya kubuni. Ilitokea Ireland mwaka wa 1956, na aliyebebwa ni Christy Ring.

Kwanza elewa huu mchezo. Hurling huchezwa na watu 15 kila upande, kila mmoja na fimbo ya mbao, wakigombania kampira kadogo kagumu. Kasi yake ni noma. Na doh? Hakuna. Ndio maana Ring, msee aliyejaza viwanja, kazi yake ya kila siku ilikuwa kuendesha lori la mafuta.

Alizaliwa 1920 karibu na Cloyne, ocha ya kaunti ya Cork. Akaanza kuchezea Cork 1939, na medali zikaanza kumiminika: bingwa wa Ireland 1941, 1942, 1943, 1944, 1946, 1952, 1953 na 1954. Hesabu mwenyewe, ni 8. Hakuna mtu alikuwa amefikisha hizo kabla yake. Mara tatu alikuwa kapteni, na ile fainali ya 1954 ilivuta watu 84,856.

Sasa jamaa akataka ya 9.

Fainali ya 1956, Croke Park jijini Dublin, Cork dhidi ya Wexford. Ring ana miaka 35. Mechi inaelekea kuisha, Wexford wako mbele kwa pointi 2, na goli moja ni pointi 3. Ring anachomoka, anaachilia kombora. Kipa Art Foley analizuia! Ring akamwendea, akampa mkono. Muda si muda Wexford wakafunga goli upande ule mwingine, kazi ikaisha. Kipenga kilipolia, Bobby Rackard na Nick O'Donnell wa Wexford wakambeba juu juu.

Ya 9 haikuja, licha ya kuwa alichezea Cork hadi akapita miaka 40. Alifariki ghafla Machi 1979, akiwa na miaka 58. Aliyemzungumzia kaburini ni Jack Lynch, waliyecheza naye Cork, wakati huo akiwa Waziri Mkuu wa Ireland.

Haya sasa, kwa ile timu huwa hutaki hata kuiskia, kuna mchezaji ungekubali kumbeba hivyo?