Kipling: Baba aliyetungia wenzake maneno ya makaburi, lakini la mwanawe hakuliona

MWANDISHI Mwingereza Rudyard Kipling aliaga dunia Januari 18, 1936 bila kujua mahali alipolala mwanawe wa pekee wa kiume, John, aliyetoweka vitani miaka 20 awali. La ajabu ni kwamba muda mwingi wa miaka hiyo, yeye ndiye aliyekuwa akichagua maneno ya kuchongwa kwenye makaburi na minara ya watoto wa watu wengine. Mmoja wa minara hiyo umo jijini Nairobi.

Kipling alizaliwa Desemba 30, 1865 mjini Bombay, India. Kabla ya kutimiza miaka sita, alipelekwa Uingereza pamoja na dadake mdogo, wakaachwa mikononi mwa walezi katika mji wa Southsea. Maisha ya huko aliyakumbuka kwa uchungu hata uzeeni. Alirejea India mwaka wa 1882 akiwa kijana wa miaka 16, akawa mwanahabari mjini Lahore, na hapo ndipo kalamu yake ilipopata makali. Mnamo 1892 alimwoa Mmarekani Caroline Balestier, wakaishi kwa muda katika jimbo la Vermont, ambako aliandika hadithi za The Jungle Book. Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliipata mwaka wa 1907 akiwa na umri wa miaka 41. Hakuna mwandishi wa lugha ya Kiingereza aliyekuwa ameipata kabla yake.

Alikuwa pia mtetezi sugu wa himaya ya Uingereza. Shairi lake la mwaka wa 1899, lililowahimiza Wamarekani kuitawala Ufilipino, limemwachia jina baya miongoni mwetu tuliotawaliwa. Jambo hili halifai kufichwa, kwani imani hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka mwanawe vitani.

Mauti yalikuwa yamekwisha kubisha hodi nyumbani kwake. Mwaka huo wa 1899, kifungua mimba wake, Josephine, alikufa kwa kichomi mjini New York akiwa na miaka sita, huku babake mwenyewe akiwa hoi kwa maradhi yayo hayo. Walisalia Elsie na John, aliyezaliwa Agosti 1897.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipolipuka mwaka wa 1914, John alikuwa anatimiza miaka 17. Macho yake yalikuwa mabovu. Bila miwani hakuweza kutambua kitu kilicho mbali. Jeshi la Wanamaji lilikuwa halimfai kwa sababu hiyo, na alipojaribu jeshi la nchi kavu, akakataliwa. Mambo yangeishia hapo. Hata hivyo, Kipling alikuwa rafiki wa Jemadari Lord Roberts, aliyekuwa mkuu wa heshima wa kikosi cha Irish Guards. Akamwendea, na kijana akapata nafasi ya uofisa. Huenda Kipling aliona kwamba asingeweza kusimama jukwaani kuwataka vijana wa wenzake wajiunge na jeshi ilhali wake amekaa nyumbani. Vyovyote iwavyo, mlango uliokuwa umefungwa ulifunguliwa na baba.

John alivuka kwenda Ufaransa Agosti 1915. Mnamo Septemba 27, siku ya tatu ya mapigano ya Loos, kikosi chake kiliamrishwa kushambulia karibu na machimbo ya chokaa yaliyolindwa na bunduki za rashasha za Wajerumani. Alionekana akiwa amejeruhiwa, kisha hakuonekana tena. Alikuwa na umri wa miaka 18 na wiki sita.

Habari iliyowafikia wazazi ilisema kwamba alikuwa amejeruhiwa na hajulikani aliko. Kwa mzazi, habari kama hiyo ni mbaya kuliko ya kifo, kwa maana inamnyima matanga na inamwachia tumaini la kumtesa. Kipling na mkewe walizunguka hospitalini wakiwahoji askari majeruhi wa kikosi hicho, mmoja baada ya mwingine. Hata vikaratasi vya kumuulizia kijana huyo vilidondoshwa kwa ndege upande wa Wajerumani. Hawakuambulia kitu.

Mwaka wa 1917 iliundwa Tume ya Makaburi ya Vita ya himaya ya Uingereza, na Kipling akaingia humo kama mshauri wa maneno. Tume ilishikilia kwamba jenerali na askari wa kawaida watapata jiwe la namna moja. Kwa jiwe kuu la kumbukumbu, alichagua kifungu kutoka kitabu cha Yoshua bin Sira kinachosema kuwa majina ya waliotangulia hayatakufa. Kwa makaburi ya wasiotambulika, alichagua maneno machache ya kwamba Mungu anawajua. Kila alipokanyaga makaburi hayo huko Ufaransa, lolote kati ya mawe yasiyo na jina lingeweza kuwa la John.

Alijitwika pia kazi ya kuandika historia ya Irish Guards, iliyochapishwa mwaka wa 1923 katika majuzuu mawili. Msomaji anayetarajia kilio cha baba humo hatakipata. John ametajwa kwa maneno machache mno, miongoni mwa maofisa wengine waliopotea siku ile.

Mnara wa Nairobi ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, kuwakumbuka askari wa KAR na wapagazi wa Kariokor. Maneno ya Kipling yalichongwa hapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yakimwahidi askari kwamba akifa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ajabu ni kwamba mnara huo hauna jina hata moja. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliangamia kwa njaa, homa na kuhara katika kampeni dhidi ya Wajerumani nchini Tanganyika, na Tume iliyompa kila Mwingereza jiwe lake haikuwaandika mmoja mmoja. Ilibidi kungoja hadi Aprili 2021 ndipo Tume hiyo ilipochapisha ripoti ya kukiri ubaguzi huo na kuomba radhi.

Kipling alipofariki, majivu yake yaliwekwa Westminster Abbey. John alikuwa na jina tu kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Loos, pamoja na maelfu ya wenzake wasio na kaburi linalojulikana. Mnamo 1992, Tume ilitangaza kwamba luteni asiyejulikana wa Irish Guards aliyezikwa karibu na kijiji cha Haisnes ndiye yeye, ikabadilisha jiwe. Baadhi ya watafiti walipinga, wakitilia shaka cheo chake na mahali mwili ulipookotwa, lakini mwaka wa 2016 Tume ilishikilia uamuzi wake baada ya uchunguzi mwingine. Elsie alikuwa ameshafariki mwaka wa 1976 bila mtoto, na ukoo wa Kipling ukakatikia hapo. Jiwe la Haisnes lilipochongwa jina, hakukuwa na mzao yeyote wa mwandishi huyo aliyebaki wa kulizuru.