Padre Guido Haazen na Waimbaji wa Kamina

Katika jubilei hii, sisi wanakwaya wa Kibera na Kawangware tumeona vyema kumkumbuka mtu ambaye hatukuwahi kukutana naye, lakini kila ngoma inapolia katika Misa zetu, tunapita njia aliyosaidia kuifungua.

Padre Guido Haazen alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1921, akawa mtawa Mfransisko. Mwaka wa 1953 alifika Kamina, Katanga, nchini Kongo. Wakati huo Misa iliadhimishwa kwa Kilatini, na katika misheni nyingi ngoma iliachwa nje ya mlango wa kanisa. Padre huyu alianza kwa kusikiliza jinsi watu walivyoimba msibani, chezoni na walipoagana. Kisha akakusanya wavulana wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu kama 15. Kwaya hiyo iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji.

Kwa pamoja walitunga Missa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini, lakini sauti na midundo ilikuwa ya Kongo. Hawakutegemea nota: mmoja alianzisha, wengine wakaitikia, mazoezi baada ya mazoezi, hadi wimbo ukakaa. Iliimbwa Kamina Machi 23, 1958. Mwaka huohuo kwaya ilizuru Ulaya, na santuri yao ikapendwa mbali. Mwaka wa 1968, Sanctus yao ilisikika katika filamu ya Uingereza iitwayo if...., ikawafikia hata wasioingia kanisani.

Lakini haki itendeke. Sifa nyingi zilimwendea Padre, ilhali kazi ilikuwa ya wengi: mwalimu Joachim Ngoi, aliyeongoza kwa sauti yake, na watoto ambao majina yao hayatajwi sana. Ndiyo maana katika kijitabu hiki tumeandika jina la kila mwanakwaya, kuanzia sauti ya kwanza hadi ya nne, pamoja na wapiga ngoma na kayamba.

Misa hiyo ilifika kwetu pia. Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi, na santuri ikatolewa na Philips mwaka wa 1990.

Padre Haazen alifariki mwaka wa 2004. Bwana ampe pumziko la milele, yeye pamoja na waimbaji wa Kamina waliotangulia.