Mwayalandi Aliyepiga Filamu ya Mau Mau

Tukifika Mau Mau katika somo la historia, tunasikia habari za Dedan Kimathi na Jenerali China. Leo nataka kuwajulisha mtu ambaye hatajwi darasani. Huyu ni marehemu Brian Desmond Hurst, mwongozaji wa filamu.

Alizaliwa Belfast, Ayalandi, mwaka wa 1895. Jina lake la utotoni lilikuwa Hans. Babake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuunda meli, kwa hivyo hawakuwa watu wa mali. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, kijana huyu aliingia jeshi la Uingereza na mwaka wa 1915 akapigana Gallipoli, Uturuki. Wenzake wengi waliuawa, yeye akanusurika.

Baada ya vita alisomea uchoraji Kanada na Paris, kisha akafunzwa kazi ya filamu na John Ford kule Hollywood. Akaja kupata sifa Uingereza. Mwaka wa 1946 alitoa filamu ya mapigano ya Arnhem, Uholanzi. Walioigiza walikuwa askari wenyewe waliopigana pale, tena kwenye magofu yale yale! Ile ya bahili Scrooge, ya 1951, watu huitazama mpaka leo wakati wa Krismasi.

Sasa tuje kwetu. Mwaka wa 1955, hali ya hatari ikiwa ingalipo na watu wetu wakiwa kizuizini, alitoa filamu iitwayo Simba. Kijana Mzungu anafika Kenya na kukuta nduguye ameuawa shambani. Yupo pia daktari Mwafrika, Karanja, anayependa amani. Kumbe babake Karanja ndiye kiongozi wa siri wa Mau Mau! Daktari huyu aliigizwa na Earl Cameron wa Bermuda, na kwa maoni yangu yeye ndiye anayeibeba filamu nzima. Lakini mambo mengi tunayaona kwa macho ya walowezi. Habari ya ardhi iliyonyakuliwa imeguswa juu juu tu. Hapo ndipo Bwana Hurst aliponiudhi, maana Waayalandi nao walipigana na Waingereza hao hao kuanzia 1919 hadi 1921. Angetuelewa! Ila yeye alikuwa amevaa sare zao, na mkate wake ulitoka London.

Filamu yake ya mwisho, ya 1962, aliipigia kwao Ayalandi. Alifariki London mwezi wa Septemba 1986, akiwa na umri wa miaka 91.